Kiswahili cha Panda Gari

Kampala
Jumapili, 11 Agosti 2024

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Natumai mama hajambo na ile miguu yake, na bado hakubali mtu aguse ufagio wake wa uani. Mpe shikamoo yangu. Sisi huku wazima. Biashara ndiyo inachechemea, lakini hayo nitayafikia.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Ulisema umewaona kwenye taarifa ya habari vijana wetu wa tarehe 23 Julai, wale waliotaka kuandamana hadi Bungeni kupinga ufisadi, wanakokotwa kuingizwa garini. Mabango yao Kiingereza, kelele zao Kiluganda, halafu katikati ya zogo lote unamsikia askari: "Panda! Panda haraka!" Ukacheka, ukaniuliza: "Kumbe Kiswahili kipo huko! Sasa mbona wageni wa Kampala wakifika kwangu wanakuwa mabubu?"

Mara ya kwanza nilicheka nawe. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu ilikuwa saa nane usiku, nimekaa kitandani na simu mkononi, nikaona jibu lake halitoshi kwenye sauti. Leo duka limefungwa, watoto wamekwenda kwa shangazi yao, nimepata meza peke yangu. Soma polepole. Ndani yake mna jambo ambalo sijakuambia miaka minne.

Kwenu mtoto anakikuta Kiswahili jikoni. Anabembelezwa nacho, anasutwa nacho, anaposwa nacho. Juni, mwanao alipoingia barabarani na wenzake kuandamana huko kwenu Kenya, uliniambia mwenyewe: askari aliyemfukuza na mama muuza mahamri aliyemficha nyuma ya meza yake walisema lugha moja. Huku kwetu yule mama wa mahamri hayupo. Kwa mtu wa Kampala, Kiswahili kiliingia nyumbani kimevaa buti.

Nasema hivyo mimi mtoto wa Bombo, ambaye babu yangu alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza la King's African Rifles. Bombo yenyewe ni mji wa kambi. Nyumbani tulisema Kinubi, lugha yetu sisi Wanubi, tukiwa wenyewe, na Kiswahili akija mgeni. Idi Amin naye alitokea jeshi hilohilo. Mwaka 1973 akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na mimi naamini hapo ndipo alipokimaliza, maana nani atapenda lugha inayoletwa na mtu yule? Alipoanguka mwaka 1979, Wanubi wengi tukakimbilia Sudan na Zaire tukiogopa kisasi. Mimi nilikuwa mgongoni. Halafu wale majambazi wenye bunduki, ambao huku wanaitwa kondo, nao wakagundua kwamba ukimwamsha mtu usiku kwa Kiswahili hakuulizi mara mbili, anafungua.

Halafu ikaja panda gari. Hiyo ni miaka ya themanini, Rais Obote akitawala kwa mara ya pili. Wanajeshi wanauzingira mtaa alfajiri, watu wanatolewa na nguo za kulalia, wanakalishwa chini, anayenyooshewa kidole anaambiwa "panda gari", na wengine waliopanda hawakuonekana tena. Sasa angalia ajabu ya lugha. Waganda wana maneno yetu chungu nzima: meza wanaita emmeeza, dirisha eddirisa, sabuni ssabbuuni, hata hizi leso ninazouza wanaita leesu. Hayo wameyavisha nguo zao, na wamesahau yalikotoka. "Panda gari" hawakulivisha kitu. Mzee wa Kiganda akikusimulia miaka ile, anasema Kiluganda mwanzo hadi mwisho, akifika hapo anatamka "panda gari" kama lilivyo, kwa sauti ya askari. Nimewasikia wengi. Sauti inabadilika kabisa.

Basi hao wageni wako si mabubu. Wanakielewa kidogo kuliko unavyodhani, na wanakikumbuka kuliko unavyodhani.

Serikali ilibadilika mwaka 1986, amri hazikubadilika lugha. Septemba 2009, Kabaka, mfalme wa Waganda, alipozuiwa kwenda Kayunga na mji ukawaka, nilikuwa nachuuza barabarani, sina duka bado. Aprili 2011, siku za "kutembea kwenda kazini", Besigye, yule mwanasiasa wa upinzani, na wenzake walisema kwa kuwa mafuta na chakula vimepanda, watu waache magari watembee. Kutembea tu, Mwanakombo! Polisi wakageuza kutembea kuwa kosa. Tarehe 28 mwezi huo walivunja vioo vya gari lake wakampulizia dawa ya pilipili machoni, kwa chupa nzima, mbele ya kamera, hadi akapelekwa kutibiwa kwenu Nairobi. Mwezi uliofuata wakaja na gari la maji ya rangi ya waridi, wakawarushia wanasiasa wa upinzani katikati ya mji, wazee na suti zao wakatoka kama bibi harusi aliyemwagiwa sharubati. Wakati ule tulicheka pia. Huku tunacheka mapema mno.

Sasa nifike kwenye Novemba 2020.

Jumatano, tarehe 18. Ilikuwa kampeni, na corona bado ipo. Robert Kyagulanyi, yule mwanamuziki mnayemwita Bobi Wine, alikamatwa Luuka, upande wa Busoga, kwa kosa la kukusanya zaidi ya watu 200 walioruhusiwa. Watu walikuwa wameiona mikutano ya chama tawala ikifurika bila mtu kuhesabu vichwa, kwa hiyo habari ilipofika mjini hakuna aliyesubiri maelezo. Mchana matairi yalikuwa yanawaka. Wewe unalijua duka langu la Kiyembe, ule uchochoro wa vitambaa, chumba kama kabati. Tulikuwa ndani watu wanne: mimi, wateja wawili wanawake waliotoka mkoani kununua mzigo, na kijana wangu wa kubeba mizigo, miaka 19. Jina lake siliandiki, unajua kwa nini.

Nikateremsha mlango wa chuma. Nje unasikia mlio wa mabomu ya machozi, ule wa chupa kubwa ikizibuliwa, halafu unasikia mwingine mkavu, na ukishausikia hauchanganyi tena. Risasi za moto. Moshi ukaanza kuingia kwa chini ya mlango. Nikafungua doti mpya ya leso, nyeusi na nyekundu, nikaichovya kwenye dumu la maji, nikaichana, kila mtu nikampa kipande ajifunike pua. Jina la leso lilikuwa "Nilijua mtasema". Mmoja wa wale wateja, machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, akaniuliza kwa Kiluganda: "Hajati, hapa pameandikwaje?" (Wote huku wananiita Hajati, Makka sijakanyaga.) Hebu fikiria, risasi nje, na mteja anauliza jina la leso. Nikamwambia limeandikwa "Mungu ni mwema". Nilisema uongo, sikuwa na nguvu ya kutafsiri.

Mlango ukapigwa. "Fungua! Fungua napiga risasi!"

Nikafungua. Walikuwa watatu, wawili na sare, mmoja na shati la kawaida na bunduki. Ni askari wa wapi, wa kikosi gani, sikuuliza na wala hapa siandiki. "Toka nje! Kaa chini!" Wale wanawake hawakuelewa, mmoja akasimama badala ya kukaa, akapigwa fimbo ya bega hata nikasikia mfupa. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Afande, shikamoo. Hawaelewi, afande. Hawajui Kiswahili."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisema. "Wewe natoka wapi?"

"Bombo, baba."

"Bombo wapi?"

Nikamtajia mtaa, nikamtajia msikiti, nikamtajia babu na Keya. Uso ukalegea. Akasema, "Mama, wewe ni mtu yetu." Mtu yetu! Mama yako angemchapa kwa ngeli kabla ya kumuuliza ya bunduki. Akawaruhusu wale wanawake waondoke, akaniambia mimi nifunge niende nyumbani, akanionyesha hata njia isiyo na moto. Lugha ya babu iliniokoa, sitakataa.

Halafu akamgeukia kijana. Alikuwa amekaa juu ya marobota, mikono kichwani. "Onyesha mikono!" Hakuelewa, wakamshusha mikono kwa kitako cha bunduki. Viganja vilikuwa vyeusi.

Siku hiyo walikuwa wanatafuta mikono myeusi. Mweusi wa mkono ni mchoma matairi. Lakini wewe muuza leso mwenzangu, nikikuambia leso mpya nyeusi ilichovywa majini ikashikwa nusu saa, unajua hapohapo. Rangi imechuja. Viganja vyangu mwenyewe vilikuwa vivyo hivyo, nimevificha kwenye mtandio.

"Na huyu? Huyu nani yako?"

Kusema kulikuwa rahisi. Maneno manne tu: afande, hiyo ni rangi. Nilikuwa nayo, na lugha ya kuyasemea nilikuwa nayo, na yule mtu dakika moja nyuma kaniita mtu wake. Nikasema: "Simjui."

Sijui lilitoka wapi. Nimejaribu kujidanganya kwamba niliogopa wangeona mikono yangu. Huenda. Nilisema simjui, wakamwambia "panda", akatazama huku na huku hajui apande nini, wakampandisha wao. Alinitazama kutoka nyuma ya lile gari. Hakuwa na hasira, maana hakuelewa nilichosema. Alidhani ninamwombea.

Siku mbili mji ulikuwa hivyo. Watu walipigwa risasi sokoni, kwenye roshani, kwenye milango ya maduka yao, wengine hawana habari na uchaguzi wala mgombea. Baadaye Rais mwenyewe alitaja idadi: 54. Na Waziri wa Usalama, Jenerali Elly Tumwine, alisimama mbele ya waandishi akasema polisi wana haki ya kukupiga risasi wakakuua ukifikia kiwango fulani cha vurugu. Kiwango chenyewe hakukitaja. Mpaka uchaguzi wa Januari na baada yake, vijana wakawa wanazolewa na zile Hiace zisizo na namba, watu wakazibatiza jina la "droni", na intaneti ikazimwa siku kadhaa, ndiyo sababu wakati ule ulinitafuta ukanikosa ukadhani nimekasirika.

Mimi na mama yake tulizunguka. Tulisimama kwenye geti za vituo na picha yake ya pasipoti, tukiambiwa hapa hayupo, nenda kule, kule wanasema rudi hapa. Mama mtu ananishukuru kila jioni kwa kumsaidia. Ananishukuru, shoga.

Alirudi baada ya siku kumi na mbili, usiku, ameshushwa barabarani. Nyayo zimevimba hazikanyagiki, na meno mawili hana. Sikumuuliza alikuwa wapi na mpaka leo sijamuuliza. Nililogundua kwa kusikia tu ni kwamba alirudi anajua Kiswahili. Nilihesabu maneno yake: kaa, lala, panda, shuka, nyamaza, kimbia, hesabu, na "ruka kichura". Amri tupu. Hakuna hata jina la kitu kimoja, maji hajui yanaitwaje, wala mkate. Na namba. Namba anazijua vizuri kabisa, matamshi safi, moja hadi ishirini na sita. Hapo anaishia.

Nilimrudisha dukani. Sikumwambia kitu, nikamwongeza mshahara, akashangaa.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwenye Katiba kilikuwa kimeshaingizwa tangu 2005, kikalala humo kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Redio zikajaa ubishi. Jirani yangu wa duka la vifungo akasema, "Sasa wanataka na watoto wetu waamrishwe vizuri." Nilitaka kumjibu, nikakosa la kumjibu. Kijana akanijia siku hiyohiyo wakati wa kufunga. "Hajati, nifundishe kile cha kwenu. Hiki nilicho nacho ni kibaya."

Basi tangu hapo, kila jioni robo saa. Nilianza na majina ya vitu: uzi, kitambaa, pindo, mji wa leso. Anapenda maneno ya chakula. Nikamfundisha "tafadhali", akaniuliza kama ni neno la Kiswahili kweli. Nikamfundisha kuzisoma leso, na sasa wateja wakiuliza jina anawajibu yeye, na kwa ukweli kuliko mimi. Juzi alimwambia mama mmoja maana ya "Wema hauozi", mama akanunua doti mbili, moja ya mkwewe.

Tumefika kwenye vitenzi. Najua, anajua, tunajua. Halafu kukanusha: sijui, hajui, hatujui. Hapo nimesimama wiki ya tatu. Somo linalofuata, ukikumbuka shule, ni kumtia mtendwa ndani ya kitenzi: ninamjua, simjui. Kila jioni nasema tutaanza kesho, nampa mafumbo na vitendawili badala yake, na yeye ni mwerevu, ameshaanza kuniuliza mbona hatusogei. Sikio lake halisahau, hilo nimeshalithibitisha. Siku nikilitamka lile neno mbele yake, duka hilohilo, mlango uleule, nadhani atanyamaza kidogo, halafu ataelewa nilimwombea nini.

Unaweza kuniambia nimwambie kwanza kwa Kiluganda, kabla somo halijanitangulia. Nimeshajiambia. Nilipowaona hawa wa Julai wakipandishwa, kijana alikuwa amesimama karibu nami mbele ya ile televisheni ya dukani kwa jirani, na askari aliposema "Panda!" alilirudia neno kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi anayesahihisha matamshi. Halafu akaenda kukunja mzigo. Nadhani itakuwa wiki hii. Niombee.

Haya, biashara. Nahitaji korja tatu za leso, mbili za kisutu na moja uchague wewe, majina mazuri, usinitumie ya mipasho, huku hayaeleweki mpaka niyaeleze na nikiyaeleza hayanunuliwi. Usinitumie nyeusi. Tuma kwa basi la usiku kupitia Busia, nipigie likiondoka. Pesa nitatuma kwa simu Jumatano.

Na mzigo ufunge korja kwa korja, ishirini ishirini, kila fungu na kamba yake. Mara ile ulifunga kwa thelathini, kijana akawa anahesabu kwa sauti wakati wa kupokea, akafika ishirini na sita akasimama na leso mikononi, dereva wa basi anapiga honi. Ishirini zinatosha.

Wako,
Zaituni